Kumwacha Fundi Ahangaike: Ni Upendo Ama Ni Ukali?



Katika parokia zetu za Lubumbashi, toka Katuba mpaka Ruashi, toka Kamalondo mpaka Kampemba, Mungu ametupa watu wengi wenye vipawa. Wako vijana wa fanfari na wapiga filimbi. Wako waimbaji na waongozaji wa kwaya. Wako mafundi wa kuunga chuma, washonaji, waashi, wagonga shaba, wauguzi, walimu wa masomo. Na karibu kila mmoja wao yuko na mkubwa anayejua kazi kumpita.

Swali tunalolileta leo linawahusu hao wakubwa. Tukimwona mtu aliye na ujuzi tayari anashindwa katika jambo moja, tumsahihishe papo hapo? Ama tumwache kwanza ahangaike, kisha tumfundishe?

Wengine wanajibu upesi: upendo ni kusaidia, basi anayechelewa kusaidia hana upendo. Wengine nao wanajibu upesi vile vile: sisi tuliteswa ndipo tukajua kazi, basi na wao wateswe. Majibu hayo mawili tutayapima, maana si swali dogo. Tumeona vijana wenye mkono mzuri wanaacha fanfari, kwa kuwa hawakuruhusiwa hata siku moja kumaliza wimbo bila kukatwa. Tumeona pia fundi mwenye watoto wanne anaitwa bado "mtoto wa garaji", kwa kuwa kila mara mashini inapomshinda, mkubwa wake anamnyang'anya ufunguo na kumaliza kazi mwenyewe. Na tumeona wengine walioachwa peke yao mpaka wakavunjika moyo, hakuna aliyewapa hata neno moja. Makosa yako pande zote mbili.

1. APOLO WA ALEKSANDRIA

Tufungue Matendo ya Mitume sura ya 18, toka mstari wa 24. Hapo tunamkuta Apolo, mtu wa Aleksandria. Alikuwa msemaji hodari, aliyajua Maandiko, na moyo wake uliwaka. Hakuwa mwanafunzi wa jana. Lakini ujuzi wake ulikuwa na upungufu: alijua ubatizo wa Yohana tu.

Akila na Prisila walikuwa Efeso siku hizo. Hao ni watu wa kazi ya mikono, washona mahema pamoja na Paulo. Walimsikia Apolo akihubiri katika sinagogi, na walijua kwamba kuna kitu kimekosekana. Walifanya nini? Maandiko hayasemi kwamba walisimama katikati ya sinagogi na kumkata maneno. Walimsikiliza. Kisha walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Na matunda yake? Apolo alikwenda Akaya, akawafaa sana waamini wa kule.

Tuangalie mpangilio wa kazi ile. Kwanza walisikia. Pili walimchukua pembeni. Tatu walifundisha, tena walifundisha kitu kile tu kilichokosekana, hawakuanza kumfundisha upya namna ya kusema mbele ya watu. Kama wangemkata siku ya kwanza, kabla hajamaliza, wasingejua vizuri upungufu wake uko wapi na nguvu yake iko wapi. Anayesahihisha kabla ya kusikia anasahihisha mawazo yake mwenyewe, hasahihishi kazi ya mwenziwe.

Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kumwacha mwenye ujuzi apambane: ili sisi wenyewe tupate kuona. Mapambano ya fundi yanamfundisha mwalimu wake.

2. MWANA ASIYEPONA NA MITUME WALIOSHINDWA

Sasa tusome Marko sura ya 9, toka mstari wa 14. Yesu alikuwa juu ya mlima. Chini, mitume walikuwa na baba mmoja aliyeleta mwanawe mwenye pepo. Mitume walijaribu kumfukuza pepo, wakashindwa mbele ya watu wote.

Hao nao hawakuwa wapya katika kazi. Katika Marko sura ya 6 Bwana alikwisha kuwapa mamlaka juu ya pepo wachafu, akawatuma wawili wawili, nao walikwenda wakaponya wagonjwa. Ni watu wenye ujuzi waliofika pahali ambapo ujuzi wao haukutosha.

Bwana alipofika alifanya nini? Jambo la kwanza aliponya mtoto. Hakusema mtoto angojee mpaka mitume wamalize somo lao. Baadaye, nyumbani, mitume walimwuliza kwa siri kwa nini wao walishindwa. Hapo ndipo aliwapa fundisho juu ya maombi.

Wandugu, hapa kuna hekima mbili. Ya kwanza: fundisho lilikuja wakati swali lilikwisha kuzaliwa ndani ya mitume wenyewe. Mtu aliyepambana anajua anachouliza. Kama Yesu angewapa fundisho lile asubuhi, kabla ya kushindwa, lingepita kama upepo. Jioni, baada ya aibu ile, kila neno lilishika.

Hekima ya pili: mtoto kwanza, somo baadaye. Aliyepaswa kuhangaika ni mtume, siyo mgonjwa. Tutarudi juu ya neno hilo, kwa sababu ni mpaka ambao wakubwa wengi wanauvuka.

3. HANGAR YA ELISABETHVILLE

Mji wetu wenyewe unatupa mfano. Mwaka wa 1946, wakati Lubumbashi iliitwa bado Elisabethville, mzungu mmoja Mfaransa, Pierre Romain-Desfossés, aliyekuwa zamani askari wa majini, alifungua hapa pahali pa kuchora. Watu walipaita "Hangar". Ndani yake waliingia wachoraji ambao majina yao yanajulikana leo katika inchi nyingi: Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga, na Bela, mtu wa kabila la Sara kutoka upande wa Tchad.

Romain-Desfossés hakuwawekea picha za Ulaya wazinakili. Hakuwashika mkono. Aliwapa rangi, karatasi na wakati, akawaacha watafute. Kama angewafundisha wote kwa mkono wake mmoja, wote watatu wangechora namna moja. Lakini tazama kilichotokea. Bela alichora kwa vidole vyake. Mwenze alijaza picha zake kwa mistari mifupi mifupi, myembamba, kwa rangi chache. Pilipili alichora samaki, ndege na nyoka, akijaza kila pahali kwa uvumilivu mkubwa. Ukiona picha moja, unajua mara moja ni mkono wa nani. Mtu aliyeachwa apambane na ukuta wake mwenyewe alipata mlango wake mwenyewe.

Hii ndiyo sababu ya pili. Mungu hakumpa kila mtu kipawa kwa namna moja. Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba karama ni mbalimbali na Roho ni yule yule (1 Wakorintho 12). Mwalimu anayeingilia upesi anaweka mkono wake pahali ambapo Mungu alikuwa anaweka wa mwingine. Anafikiri anasahihisha kosa, kumbe anafuta karama.

Lakini tuseme ukweli wote juu ya Hangar. Mzungu yule alikuwa na wazo lake pia. Alitaka sanaa ya mwafrika ibaki safi, isiguswe na mafundisho ya Ulaya. Hapo tunauliza: mtu anayekuacha uhangaike kwa sababu anataka upate nguvu, na mtu anayekuacha uhangaike kwa sababu anataka ubaki jinsi yeye anavyopenda kukuona, ni sawasawa? Hapana. Kwa macho wanafanana, kwa moyo wanatofautiana. Wa kwanza anangojea siku utakapouliza, na siku hiyo atakujibu yote anayoyajua. Wa pili anafunga sanduku la elimu na kusema ni kwa faida yako.

Mwaka wa 1951 mchoraji Mbelgiji Laurent Moonens alifungua hapa hapa Elisabethville Akademia ya Sanaa, yenye kufundisha kwa utaratibu. Romain-Desfossés alipokufa mwaka wa 1954, wachoraji wa Hangar waliingia katika Akademia ile, na baadaye Pilipili na Mwenze wakawa walimu ndani yake. Mkono wao haukupotea kwa kuingia pahali pa masomo. Ulikuwa umekwisha kukomaa. Basi kungojea na kufundisha si maadui. Kungojea kunatayarisha, kufundisha kunakamilisha.

4. MWANA WA UNION MINIÈRE

Sasa tuangalie upande mwingine: itakuwaje kwa mtu asiyeachwa kamwe ahangaike?

Wazee wetu wa makambi wanajua maisha yale. Toka miaka ya 1920 Union Minière ilishika shauri la kuwaweka wafanyakazi pamoja na jamaa zao ndani ya makambi. Kampani iliwapa nyumba, posho ya chakula, hospitali, maziwa ya watoto, na masomo. Kulikuwa na mema mengi, wala hatuyakani. Lakini kampani ilifikiri kwa ajili ya mtu toka kuzaliwa mpaka kuzikwa. Na kazini, mwafrika aliweza kuwa fundi hodari miaka 20, juu yake akawa daima mzungu wa kumwonyesha.

Serikali ya ukoloni ilifanya vile vile. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, waliokwisha kumaliza universite katika Kongo nzima hawakufika watu 30. Katika jeshi, Force Publique, hapakuwa na afisa hata mmoja Mkongomani, ingawa askari wenyewe walikuwa zaidi ya 20,000. Mwanzo wa Julai Jenerali Janssens aliwaandikia askari ubaoni kwamba baada ya uhuru mambo yatakuwa sawasawa na kabla ya uhuru. Jeshi likaasi. Katika majuma machache wazungu kwa maelfu wakakimbia, na watu ambao hawakuachiwa hata siku moja kuongoza wakaachiwa yote kwa siku moja.

Fikirini vizuri, wandugu. Ni dhambi mbili zilizofuatana. Ya kwanza: kumshika mtu mkono miaka 50 na kumwambia hajafika. Ya pili: kumwachilia ghafula, bila mtu wa kumwuliza. Wa kwanza hajifunzi kupambana. Wa pili anapambana, lakini hakuna anayemfundisha baadaye.

Gécamines ilirithi nyumba ile ya Union Minière baada ya mwaka wa 1966, pamoja na desturi yake. Watu walisema kampani ni baba, kampani ni mama. Mwaka wa 2003 na uliofuata, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wengi walikuwa mafundi wa kweli. Mkono wao ulijua umeme, ulijua moto wa shaba, ulijua mashini kubwa. Lakini wengi wao hawakuwa wamewahi kutafuta kazi wenyewe, kupanga bei, wala kuongoza watu. Profesa Dibwe dia Mwembu wa universite yetu ameandika kitabu juu ya wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Jina lile la kitabu linasema mengi. Anayelelewa kama mtoto siku zote, siku moja ataachwa kama mtoto.

Hii ni sababu ya tatu. Mapambano madogo ya leo, mwalimu akiwa karibu, ni kinga ya mapambano makubwa ya kesho, wakati mwalimu hayupo.

5. MFANO KATIKA NYUMBA YETU

Katika kanisa letu tunalijua jambo hili kwa machozi. Papa Simon Kimbangu alianza kazi yake ya hadharani huko Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Mwezi wa Septemba alikamatwa. Tarehe 3 Oktoba alihukumiwa kufa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, na aliletwa hapa, mji huu wetu, ambamo alifungwa mpaka tarehe 12 Oktoba 1951 alipolala. Miezi sita ya kufundisha, miaka 30 ya gereza.

Waliobaki nyuma walikuwa wameona na kusikia, lakini hawakuwa na mtu wa kuwasahihisha kila siku. Walifukuzwa makwao, walipelekwa mbali, waliomba kwa siri. Mama Mwilu Marie aliutunza moto. Hatusemi mateso yale yalikuwa mema. Aliyetesa alitesa, na atajibu mbele ya Mungu. Tunasema tu kwamba Mungu hakupoteza hata siku moja ya mateso yale. Papa Diangienda Kuntima aliposimama katika miaka ya 1950 kupanga kanisa, mpaka kibali cha serikali cha tarehe 24 Desemba 1959, alikuta watu waliokwisha kujifunza kusimama. Aliwapa utaratibu, hakuwapa miguu. Miguu walikuwa nayo.

Na mfano wa karibu zaidi ni muziki. Mwaka wa 1994, huko Kinshasa, Papa Armand Diangienda, mjukuu wa Papa Simon Kimbangu, alianzisha orkestra ya simfoni. Yeye mwenyewe alikuwa rubani wa ndege aliyekwisha kupoteza kazi. Violoni zilikuwa chache, watu walikuwa wengi, basi kila mmoja alishika kwa zamu, dakika chache, kisha akampa mwenziwe. Kamba ya violoni ikikatika, walitafuta waya wa breki ya baiskeli. Wengi walijifunza peke yao, kwa kusikiliza na kujaribu.

Watu wale hawakuwa wageni wa muziki. Wengi walitoka katika kwaya na fanfari za kanisa. Masikio walikuwa nayo, pumzi walikuwa nayo. Walipambana miaka mingi. Kisha walimu wakaja, hata waimbaji wa opera kutoka Ujerumani waliokuja kufundisha kwaya namna ya kutumia sauti. Mwaka wa 2010 ikatoka sinema juu yao, na mwaka wa 2013 chama kikubwa cha muziki cha London, Royal Philharmonic Society, kikampa Papa Armand Diangienda heshima ya uanachama. Tujiulize: walimu wale wangefundisha nini mwaka wa 1994? Wangeanza na herufi ya kwanza. Walipokuja baadaye, walikuta watu wenye maswali, wanaojua sauti gani inawashinda na kidole gani kinachelewa. Somo la siku moja likafanya kazi ya mwaka.

6. MTU ATASEMA: NYIMBO ZETU ZATOKA MBINGUNI

Najua kuna mwamini atakayeuliza: sisi hatutungi nyimbo zetu, tunazipokea. Kama Roho anatoa, kuna haja gani ya kuhangaika, na kuna haja gani ya mwalimu?

Ni swali zuri. Jibu ni hili: wimbo unatolewa, lakini vidole vya mpiga filimbi havitolewi pamoja nao. Anayepokea wimbo anapokea kama mkulima anayepokea mvua. Mvua haikuli magugu. Hata wimbo wenyewe, ukiisha kupokelewa, unasikilizwa na kupimwa kabla ya kufundishwa kwa waimbaji. Kama zawadi ya mbinguni inapita katika kupimwa, mkono wa mwanadamu unaoibeba utakataaje kupimwa? Roho anatoa kipawa. Mapambano yanakipa kipawa nguvu. Mwalimu anakipa usahihi. Tusimwachie Roho kazi ya mwalimu, wala tusimpe mwalimu kazi ya Roho.

7. MIPAKA YA KUNGOJEA

Sasa tusije tukafanya neno hili kuwa kisingizio cha ukali ama cha uvivu. Kungojea kuna mipaka yake, na mimi naona mitano.

Mpaka wa kwanza: anayeachwa ahangaike awe na ujuzi. Mtoto wa kwanza kushika filimbi aonyeshwe namna ya kuishika. Binti asiyewahi kusonga bukari aonyeshwe maji yachemke namna gani na unga uingie lini. Wataalamu wa mafundisho wa siku hizi wamelipima jambo hili pande zote mbili. Manu Kapur, kule Singapore, alionyesha kwamba wanafunzi waliopewa hesabu ngumu wapambane nayo kabla ya somo walishindwa kwanza, lakini baada ya kufundishwa walielewa kwa undani kuliko wale waliofundishwa kwanza. John Sweller, kule Australia, naye alionyesha kwamba mwanzishi asiye na msingi anazama akiachwa peke yake, na anafaidika zaidi akionyeshwa mfano uliokwisha kufanywa. Hawapingani sana kama wanavyoonekana. Wanafunzi wa Kapur walikuwa na msingi wa kutosha kujaribu njia mbalimbali. Aliye nao, apambane. Asiye nao, aonyeshwe.

Mpaka wa pili: asiumie mtu wa tatu. Tumeuona kwa Bwana wetu: mtoto mwenye pepo alipona kwanza. Muuguzi mgeni asiachwe ajaribu juu ya mgonjwa wakati daktari anatazama kwa mikono nyuma. Dereva asiachwe ajifunze na basi limejaa watu. Fundi wa umeme asiachwe ajue hatari kwa mwili wake. Pahali ambapo kosa linaondoa uhai, mkono wa mkubwa uingie upesi, na somo lifuate jioni.

Mpaka wa tatu: mkubwa awepo. Petro alipotembea juu ya maji na kuanza kuzama (Mathayo 14), Yesu alinyosha mkono mara moja akamshika. Alimwacha atembee, hakumwacha azame. Ili kumshika mtu mara moja, lazima uwe karibu naye na macho yako yawe juu yake. Mkubwa anayesema "ninamwacha ajifunze", kisha anakwenda zake kunywa na rafiki, hakungoja. Amemtupa.

Mpaka wa nne: kungojea kusiwe njia ya kula jasho la mwenzio. Tunawajua wenye atelie wanaomshika kijana miaka mitano, anafanya kazi zote, hawamlipi, hawamfundishi siri ya mwisho ya kazi, na wanasema "bado anahangaika, atajua". Kijana huyo anajua kazi siku nyingi. Anachongojea ni haki yake. Yakobo 5 inasema wazi juu ya mshahara uliozuiwa kwamba kilio chake kinafika masikioni mwa Bwana.

Mpaka wa tano: fundisho lije kweli, na lije kwa siri. Akila na Prisila walimchukua Apolo kwao. Yesu aliwajibu mitume nyumbani. Aliyehangaika mbele ya watu amekwisha kupata aibu ya kutosha. Usimwongezee. Na ukimwita pembeni, usianze na jibu. Anza na swali: wewe mwenyewe umeona nini? Mara nyingi atakuonyesha kosa lake kabla hujafungua kinywa, na kazi yako itabaki kuwa moja tu, kumwonyesha njia ya kutoka.

8. NENO KWA WAKUBWA NA KWA WADOGO

Papa na mama mnaoongoza fanfari, kwaya na vikundi: wiki hii, katika mazoezi, mwacheni kijana amalize wimbo mzima. Hata akikosa. Hesabuni makosa yake moyoni, kisha chagueni moja tu, lile lililo mama wa mengine, mkamfundishe hilo. Mtashangaa.

Wazazi: mtoto wenu aliyekwisha kujua hesabu akikaa na zoezi gumu mbele ya taa, msikimbilie kumpa jibu kwa sababu mnamhurumia. Kaeni karibu. Huruma inaweza kukaa kimya.

Wenye atelie na garaji: mrudishieni fundi ufunguo. Mashini ikichelewa saa moja, mteja atanung'unika. Lakini fundi asiyepewa saa ile leo, atakuwa mzigo wako miaka kumi, na siku utakayougua kazi yako itafungwa.

Na ninyi vijana mnaohangaika: msifikiri kila mkubwa anayenyamaza amewachukia. Wazee walisema kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi, na kujikwaa siyo kuanguka, ni kwenda mbele. Pambaneni kwa bidii, lakini mkifika ukutani ulizeni. Mitume waliuliza. Kiburi cha kutouliza kinaua vipawa vingi kuliko ukali wa walimu. Na kama mkubwa wenu anawala jasho tu, mna haki ya kusema hivyo kwa wazee wa kanisa, kwa heshima na bila kuogopa.

Kanisa letu linasimama juu ya maneno matatu tunayoyasema toka utoto: Upendo, Amri, Kazi. Swali letu la leo linapita katika yote matatu. Upendo unasema: usimtupe mwenzio. Amri inasema: kila jambo na wakati wake, usivuke mpaka. Kazi inasema: mwache afanye, maana mikono haijui isichokifanya. Akichukua neno moja tu, mkubwa ataharibu. Upendo bila Kazi utamfanya fundi kuwa mtoto. Kazi bila Upendo itamfanya kuwa mtumwa. Na Amri ikikosekana, mkubwa hatajua ni saa gani ya kunyamaza na ni saa gani ya kunyosha mkono.

Basi tuseme hivi: kumwacha mwenye ujuzi ahangaike ni upendo, ikiwa mkubwa anabaki karibu, anatazama, analinda asiumie mtu, na anangojea saa ya kufundisha kwa hamu kama mwanafunzi mwenyewe. Likikosekana moja katika hayo, ni ukali tu, hata ukivaa nguo ya hekima.

Mungu Baba, kwa jina la Yesu Kristo, awape wakubwa wetu macho ya kuona na uvumilivu wa kungoja, na awape wadogo wetu moyo wa kupambana na unyenyekevu wa kuuliza. Amina.